Kichwa kinachouma wiki baada ya wiki: namna ya kupata jibu la kweli ukiwa Goma

Mtu anayelalamikia kichwa kwenye kituo kidogo cha afya mjini Goma, iwe Majengo au Ndosho, mara nyingi hutoka na majina mawili kwenye fishi (kadi) yake: malaria na tifoide. Anameza dawa, kichwa kinatulia siku mbili tatu kwa sababu ndani ya mfuko ule kulikuwa pia na paracetamol, halafu kinarudi pale pale. Anarudi labo, anaandikiwa majina yale yale. Baada ya miezi kadhaa pesa imekwisha, na usiku anakesha akiwaza uvimbe wa ubongo.

Kinachokosewa hapo ni utaratibu. Maumivu mengi ya kichwa yanayorudi-rudi hayaonekani kwenye damu wala kwenye picha. Yanatambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, kisha kwa daktari kuupima mwili kwa mikono na macho yake. Labo na skaneri (picha ya CT) hufuata, tena zikiwa na swali maalum la kujibu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko nyumbani kwako, kabla hujapanga foleni. Yanayofuata ni ya mtu mzima. Mtoto mdogo mwenye kichwa na homa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Dalili zisizongoja

Ukiona mojawapo ya hizi, nenda hospitali kubwa leo, hata kama ni usiku:

- kichwa kilichokuja ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja, kikali kuliko chochote ulichowahi kupata;
- kichwa pamoja na homa na shingo iliyokakamaa, au madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi yatafute kwenye viganja, nyayo na ndani ya kope;
- mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kuvurugika, degedege la mara ya kwanza, kuchanganyikiwa, au usingizi mzito usioeleweka;
- jicho jekundu linalouma sana, huku ukiona ukungu au duara za rangi kuzunguka taa;
- mimba iliyovuka wiki 20, au wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, hasa kama macho yanaona nyota au tumbo linauma juu upande wa kulia. Tansyo (shinikizo la damu) ya 140/90 au zaidi katika hali hiyo ni kazi ya materniti leo, si ya famasi;
- kichwa kinachozidi siku hadi siku baada ya kuanguka pikipiki au kugonga kichwa.

Hiyo ya mwisho inahitaji maneno zaidi, maana pikipiki ndiyo teksi ya mji huu. Damu inaweza kuvuja polepole kati ya ubongo na utando wake, ikajikusanya kwa wiki kadhaa kabla ya kuleta dalili. Mzee, mtu anayekunywa pombe sana, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuipata hata kwa kugonga kichwa kidogo tu. Kwa hiyo daktari akiuliza kama uliwahi kuanguka, rudi nyuma miezi mitatu, usiishie jana.

Nenda hospitali yenye daktari usiku na mchana: hospitali ya mkoa, HEAL Africa au CBCA Virunga. Tafuta gari. Mtu anayepoteza fahamu au mwenye degedege habebwi juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Njia ya hewa inaziba na hakuna wa kuiona. Ndani ya gari mlaze kwa ubavu.

Kuna kundi jingine lisilo la usiku wa leo, lakini lisivuke wiki hii: kichwa kilichoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, kichwa cha mtu mwenye virusi vya UKIMWI au saratani, kichwa kinachozidi ukilala, ukikohoa au ukiinama, pamoja na kutapika asubuhi, na kichwa kinachoambatana na kupungua uzito. Mwenye miaka zaidi ya 50 ambaye taya linamuuma akitafuna, au kichwa kinamuuma hata akichana nywele, aende kesho: huenda mshipa wa kwenye panja, pembeni ya paji la uso, umevimba, na ugonjwa huo ukichelewa hula macho. Mama aliyejifungua kwa operesheni, ambaye kichwa humshika akisimama na kumwachia akilala, akumbushe daktari ile sindano ya mgongoni. Tundu lake wakati mwingine huendelea kuvujisha maji ya uti wa mgongo, na lina tiba.

Chunguza nyumba kabla ya kuchunguza kichwa

Goma inapika kwa makala, yaani makaa. Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Mbabula (jiko la makaa) ikiingizwa chumbani kwa sababu ya baridi, au maharagwe yakiachwa yachemke usiku ndani ya nyumba ya mbao iliyozibwa kwa shitingi (turubai la plastiki), gesi hiyo inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kidogo kidogo kila usiku, inaleta kichwa, uchovu na kichefuchefu ambavyo mtu yeyote angeviita malaria.

Jiulize hivi. Kichwa kinawauma wengi nyumbani kwa wakati mmoja? Kinakuwa kikali asubuhi au wakati wa kupika, kisha kinapungua ukishinda kazini au sokoni? Kilianza majira ya mvua, madirisha yalipoanza kufungwa? Jenereta inanguruma kwenye baraza la jirani? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, toa mbabula nje kabisa kwa siku saba, usiiache hata kwenye korido, na uhesabu siku za kichwa. Kipimo hicho ni cha bure, na kinatoa jibu ambalo labo nyingi haziwezi kukupa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hakisaidii hapa: hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba monoksidi, kwa hiyo kitaandika 98 huku mtu anaumia. Aliyekutwa amelegea chumbani mwenye makala atolewe nje kwanza, kisha apelekwe penye oksijeni.

Wakazi wa upande wa Mugunga na Lac Vert wana jambo la pili: mazuku. Hiyo ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayotuama kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Kichwa pamoja na kuhema haraka ukiwa kwenye shimo la msingi au la choo ni onyo la kupanda juu mara moja. Usimfuate chini aliyeanguka humo bila kamba na watu wa kukuvuta.

Daftari la wiki nne

Nunua daftari la shule la bei ndogo kabisa. Kila siku yenye kichwa iandikie mstari mmoja, na siku isiyo na kichwa iandike pia, kwa neno moja: hakuna. Mstari mzuri ni kama huu:

*Jumanne tarehe 14. Kimeanza saa 10 jioni, kimeisha saa 6 usiku. Kushoto, nyuma ya jicho. 7 kwa 10. Kinadunda. Kichefuchefu ndiyo, mwanga ulinisumbua. Kutembea kulikizidisha. Paracetamol 500, vidonge 2, saa 11, ilipunguza kidogo. Usiku uliopita nililala kwa muda wa saa 4 tu. Mchana sikula. Hedhi imeanza jana.*

Watu hukosea kwa namna mbili. Wengine huandika mwisho wa wiki kwa kukumbuka, na kumbukumbu hubakiza siku mbaya peke yake. Wengine huandika ukali na kusahau dawa, wakati safu ya dawa ndiyo mara nyingi hubeba jibu. Andika jina lililo kwenye kikaratasi cha kidonge, uzito wake kwa miligramu, idadi na saa. Kama famasi ilikupa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, rudi ukaulize ni nini. "Dawa ya kichwa" si jina la dawa.

Ongeza na mambo ya mwili yanayojulikana kuchokoza kichwa: kufunga kwa maombi bila kula wala kunywa, kukosa usingizi, kasiksi (pombe ya ndizi) ya jana, na kahawa. Mtu aliyezoea vikombe kadhaa kwa siku akiacha ghafla, kichwa humshika ndani ya saa 24 na kinaweza kuendelea hadi wiki.

Hesabu siku za dawa, usihesabu vidonge

Mwisho wa mwezi chora mduara kwenye kila siku uliyomeza dawa yoyote ya maumivu. Paracetamol au ibuprofen peke yake ikifika siku 15 kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayodumisha kichwa. Kwa tramadol, kodeini, na vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini ndani, kikomo ni siku 10. Hali hii inapita watu wengi kwa sababu ina mantiki ya uongo: dawa inapunguza kwa saa chache, ikiisha kichwa kinarudi, unameza tena, na kila kidonge kinaonekana kama msaada.

Paracetamol na ibuprofen unaweza kuziacha kwa mara moja, bila kupunguza polepole. Jiandae: kichwa kitakuwa kibaya zaidi kwa siku kati ya 2 na 10, kisha kitaanza kushuka. Chagua wiki ambayo huna safari wala mtihani. Tramadol na kodeini usiziache ghafla. Daktari azipunguze hatua kwa hatua.

Kwa kichwa cha kawaida mtu mzima anameza paracetamol miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya 500, na kurudia baada ya saa 6 ikilazimu, asipite vidonge 8 kwa siku. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mgonjwa wa ini au mnywaji wa kila siku apewe kipimo kidogo zaidi. Ibuprofen ni miligramu 400 pamoja na chakula, si zaidi ya 1,200 kwa siku bila daktari, na haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba. Zote mbili zisizidi siku mbili kwa wiki. Sindano ya diclofenac ya kila wiki na vidonge vya dexamethasone vinavyouzwa kama "vya kuongeza nguvu" ni za kukataa: zinaficha ugonjwa na zinaharibu tumbo, figo, sukari na mifupa.

Kusoma ulichoandika

Kipandauso kina sura yake. Kinadumu saa 4 hadi siku 3, mara nyingi upande mmoja, kinadunda, kinazidi ukitembea au kupanda ngazi, na huja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Mtu hutafuta giza na kulala. Wengine, kabla hakijaanza, huona mistari inayomeremeta au doa linalotanuka polepole kwa dakika 5 hadi 60. Mwanamke anayeona hivyo na anatumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni amwambie daktari, kwa sababu mchanganyiko huo huongeza hatari ya kiharusi na kuna njia nyingine za kupanga uzazi zisizo na hatari hiyo.

Kichwa cha mkazo ni kinyume: pande zote mbili, kinabana kama kitambaa kilichokazwa kichwani, ukali wa kati, hakikuzuii kwenda sokoni, hakitapishi. Hufuatana na shingo ngumu, usingizi mbovu, kusaga meno usiku na mawazo mengi, na mji huu hauna uhaba wa mawazo.

Kuna cha tatu, adimu, kinachotesa sana: nyuma ya jicho moja, dakika 15 hadi saa 3, jicho likitoa machozi na pua ikiziba upande ule ule. Mgonjwa hawezi kulala, anazunguka chumba. Kinaweza kurudi saa ile ile kila usiku kwa wiki nyingi, na wengi hung'olewa jino lisilo na kosa kabla ya kutambuliwa.

Usijipachike jina kwa nguvu. Mtu mmoja anaweza kuwa na kipandauso tangu ujana, na juu yake kichwa cha dawa.

Mbele ya daktari

Foleni ni ndefu na muda wa daktari ni mfupi, kwa hiyo fungua kwa maneno yaliyo tayari: "Dokta, kichwa kinaniluma tangu mwezi wa pili. Kwa wiki nne kimenishika siku kumi na moja. Kinashika kushoto, kinadunda, kinadumu nusu siku, nasikia kutapika. Nilimeza paracetamol siku tisa. Malaria nimetibiwa mara mbili, hakikubadilika. Naogopa uvimbe." Sentensi ya mwisho usiifiche. Daktari asiyejua unachoogopa hawezi kukujibu hilo.

Kisha angalia kama umepimwa kweli. Upimaji kamili wa kichwa una joto la mwili, tansyo, shingo kuinamishwa, mboni za macho kumulikwa, macho kufuata kidole, uso, nguvu za mikono na miguu, kutembea kwa mstari, na kuguswa kwa panja, taya na meno. Muhimu kuliko vyote, na unaorukwa zaidi, ni kuangalia ndani ya jicho kwa taa maalum: neva ya jicho iliyovimba inaonyesha shinikizo ndani ya fuvu. Kituo kisicho na kifaa hicho kinaweza kukuandikia karatasi ya kwenda kwa dokta wa macho. Huko pia watapima kama unahitaji miwani, na hiyo ni bora kuliko kujaribu za barabarani Birere mpaka upate inayokufaa.

Tansyo nayo ina adabu yake. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa, kibofu kikiwa tupu. Wapime mara mbili. Mkono mnene ukifungwa kitambaa kidogo unaonyesha tansyo kubwa isiyokuwepo. Na hata ikiwa 150/95, hiyo peke yake kwa kawaida haielezi kichwa cha miezi. Inatibiwa kwa sababu zake. Kichwa cha tansyo kweli huja na namba za juu sana, 180/120 na kuendelea, na hiyo ni dharura ikiwa na dalili.

Labo: uliza kila kipimo kinatafuta nini

Malaria ipimwe kila mara palipo na homa. Lakini kichwa cha miezi mitatu bila homa hakielezwi na malaria, hata kama vijidudu vichache vimeonekana. Tena vipimo vya haraka vinavyotumika sana hubaki na mstari kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Kama ulitibiwa mwezi huu, omba damu isomwe kwa hadubini.

Widal, kipimo cha damu cha tifoide, ndiyo inayopoteza watu zaidi. Inatafuta kingamwili, na kingamwili hizo hubaki baada ya ugonjwa wa zamani au huamshwa na maambukizi mengine. Widal moja yenye namba kubwa haithibitishi tifoide. Tifoide ni homa inayopanda na kung'ang'ania kwa siku nyingi. Kipimo chake cha kuaminika ni kuotesha damu, kabla ya antibiotiki kuanza.

Vipimo vyenye maana kwa kichwa kisichoeleweka ni vichache: hemoglobini, VVU, mkojo kwa mjamzito, na VS (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini) kwa aliyevuka miaka 50. Mwenye VVU ambaye kinga imeshuka apimwe antijeni ya kriptokoka kwenye damu. Fangasi huyo huleta homa ya utando wa ubongo inayotambaa kwa wiki nyingi, wakati mwingine bila shingo kukakamaa, na hapo maji ya mgongo lazima yachukuliwe. Familia nyingi hukataa sindano hiyo kwa kuamini inapoozesha. Sindano huingizwa chini ya mahali kamba ya neva ya ndani ya mgongo inapoishia. Kinachoweza kufuata ni kichwa cha siku chache.

Skaneri, na lini haihitajiki

Maelezo yakiwa ya kipandauso au ya mkazo, muundo haujabadilika kwa muda mrefu, na upimaji wa mwili uko sawa, picha karibu haileti kitu, isipokuwa pengine alama ndogo isiyohusika itakayokuongezea hofu. Uvimbe wa ubongo ni nadra kujionyesha kwa kichwa peke yake kwa muda mrefu bila kingine kufuata: degedege, udhaifu, kuona vibaya, tabia kubadilika.

Picha inahitajika palipo na dalili nilizotaja mwanzo. Skaneri inaona vizuri damu, mfupa, uvimbe mkubwa, na vifuko vya minyoo ya nguruwe vilivyokauka, ambavyo ni sababu inayojulikana ya degedege kwa watu wazima. IRM (MRI, picha ya sumaku) inaona vizuri zaidi sehemu ya nyuma ya ubongo na mishipa. Kabla ya kutoka nyumbani piga simu: mashine inafanya kazi leo, bei ni ya picha peke yake au pamoja na maandishi ya daktari, dawa ya mishipani ya kung'arisha picha imo? Ikiwa itachomwa, kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ipimwe kwanza. Ukivuka mpaka kwa IRM, beba barua yenye swali lililoandikwa wazi, si "maumivu ya kichwa" tu, na urudi na CD pamoja na karatasi. EEG, ile ya nyaya nyingi kichwani, haitambui sababu ya kichwa. Ukiagizwa bila historia ya degedege, uliza kwa nini.

Ukishapewa jina

Kichwa kikikushika siku nne au zaidi kwa mwezi na kukuangusha kazini, uliza dawa ya kuzuia. Zinazopatikana kwa bei nafuu ni propranolol, isiyofaa mwenye pumu, na amitriptyline ya miligramu 10 au 25 usiku. Amitriptyline hukausha kinywa na kuleta usingizi, hivyo imezwe saa moja au mbili kabla ya kulala. Wengi husoma kikaratasi, wakaona ni dawa ya huzuni, wakaitupa. Kwa dozi ndogo hiyo inatumika kwa maumivu. Vivyo hivyo, ukitumwa Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili, kwa ajili ya usingizi na mawazo, hujaitwa mwendawazimu. Dawa hizi hupimwa matokeo baada ya wiki 8 hadi 12 za dozi inayotosha. Aliyeacha wiki ya pili hajazijaribu.

Endelea na daftari. Siku za kichwa zikipungua kwa nusu, dawa inafanya kazi hata kama kichwa hakijaisha. Zisipopungua, au sura ya kichwa ikibadilika, rudi na daftari, CD na majina ya dawa zote ulizomeza, na uliza jina ulilopewa lichunguzwe upya kabla ya kuandikiwa dawa nyingine.